Chasi ya gari la spoti linaloundwa nyumbani: kukata, kuimarisha au kuanza upya

Chasi ya gari la spoti ina kazi mbili zinazovutana. Ni lazima ishikilie magurudumu manne katika nafasi zake bila kujipinda gari linapokata kona, na papo hapo iwe nyepesi kiasi cha kuiruhusu injini ya kawaida, iliyotolewa kwenye gari kuukuu, kulisukuma gari kwa kasi ya kuridhisha. Nairobi ina sababu yake ya kuuthamini wepesi. Jiji liko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya sita kuliko ile ya Mombasa. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho, hata ikiwa imetunzwa vizuri namna gani. Kila kilo inayopunguzwa kwenye chasi hufidia sehemu ya hasara hiyo.

Eneo la Adams Arcade na barabara nzima ya Ngong Road hadi Dagoretti Corner lina mengi anayohitaji mtu wa kuunda gari: gereji, mafundi wa jua kali wanaochomelea mageti na vitanda vya chuma, na magari ya zamani yaliyoegeshwa nyuma ya nyumba yakisubiri vipuri. Viwanja vya Jamhuri, ambako mashindano ya autokrosi hufanyika, viko karibu. Lakini ushauri unaotolewa mahali kama hapa hugongana. Mmoja husema chuma kizito ndicho chenye nguvu, mwingine kwamba anayejua kuchomelea geti anajua kuchomelea chasi, na wa tatu kwamba logbook ikiwepo sheria imetimizwa. Kila kauli ina chembe ya ukweli, na ndiyo maana zinapotosha.

Yaliyokwisha kujaribiwa

Afrika Mashariki ina historia ndefu ya kuunda na kubadilisha magari kuliko inavyodhaniwa. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, iliwafundisha mafundi wa Nairobi kuongeza vyuma kwenye viungo vya gari la kiwandani ili lihimili njia za vumbi na mashimo. Volkswagen Beetle, iliyoshinda Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, ilionyesha kwamba sakafu rahisi yenye uti wa katikati ingeweza kupita pale ambapo magari ya kifahari yalivunjika. Rhino Charge, mashindano ya nyikani yaliyoanza mwaka 1989 kuchangia uhifadhi wa msitu wa Aberdare, yamezaa kizazi kingine cha wajenzi: magari yake yaliyobadilishwa sana hubakiza kidogo mno cha gari la awali, na mengine husimama juu ya fremu mpya kabisa ya mabomba.

Miradi mikubwa nayo ina la kufundisha. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, na Nyayo Pioneer likazinduliwa Kasarani mwaka 1990. Halikufika kuuzwa kwa wananchi. Lengo la kutengeneza sehemu nyingi humu humu nchini liliubebesha mradi gharama ambazo hakuna bajeti iliyoweza kuzistahimili. Makerere walichagua njia nyingine mwaka 2011 walipotoa Kiira EV, gari la umeme la watu wawili: lilikuwa gari la kujifunzia, wala halikukusudiwa kushindana sokoni. Mobius ya Kenya ilikuwa na ujasiri zaidi. Gari lake la pili lilijengwa juu ya fremu ya mabomba ya chuma badala ya bodi ya kubanwa kwa mashine, kwa sababu mashine na kalibu za kubana bati hugharimu fedha zinazorudi tu magari yakiuzwa kwa maelfu mengi. Kampuni hiyo ilitangaza kufunga mwaka 2024, kisha ikapata mnunuzi. Kuyumba kwake kibiashara hakukanushi hoja ya kiufundi: kwa mtengenezaji wa magari machache, mabomba ni nafuu kuliko kalibu.

Uingereza ilikuwa na uzoefu huo tangu mwaka 1957, Lotus Seven ilipotoka ikiwa fremu ya mabomba iliyovikwa mabati ya alumini. Ron Champion alichapisha mwaka 1996 kitabu kilichowaonyesha watu wa kawaida namna ya kuunda gari la aina hiyo kwa mabomba ya mraba ya inchi moja na mitambo ya Ford Escort kuukuu. Michoro ya namna hiyo ndiyo inayofuatwa na wajenzi wengi wa nyumbani duniani hadi leo, na mabomba yake ni ya aina ileile inayouzwa Nairobi kwa ajili ya madirisha.

Nguvu si ukakamavu

Chuma chenye nguvu ni kile kisichovunjika wala kupinda moja kwa moja. Chuma kikakamavu ni kile kisichotikisika kinaposukumwa. Mambo haya mawili huchanganywa, na kuyachanganya hugharimu. Vyuma vyote vya kawaida, kuanzia kile cha geti hadi kile cha kromoli kinachotumiwa kwenye ndege ndogo na magari ya mashindano, vina ukakamavu unaokaribia kulingana. Kromoli huvunjika kwa shida zaidi, lakini bomba lake la unene uleule litajipinda sawa na bomba la bei ya chini. Anayelipia kromoli akitarajia gari litulie kwenye kona amenunua kitu kingine.

Ukakamavu hutokana na umbo. Bomba lenye ukuta mwembamba linapoongezwa kipenyo mara mbili na kupunguzwa unene wa ukuta kwa nusu, uzito wake haubadiliki, lakini uwezo wake wa kupinga msokoto huongezeka karibu mara nne. Mpaka wa faida hii uko kwenye karakana: ukuta ukiwa mwembamba mno, moto wa kuchomelea huutoboa na kishindo kidogo huubonyeza.

Mpangilio wa mabomba una uzito zaidi ya kipenyo. Mraba wa mabomba manne husukumwa ukawa msambamba kwa mkono, lakini ukiongezwa bomba la mshazari hukataa kusogea. Hapa ndipo gari la wazi linapopata tabu. Boksi la kadi lililofungwa ni gumu kupinda, lakini likikatwa kifuniko hulegea mara moja, na gari la spoti lisilo na paa ndilo boksi hilo. Pembetatu haiwezi kupitishwa mahali ambapo dereva anaketi, wala pale mlango unapofunguka. Mercedes 300SL ya mwaka 1954 ilipewa milango inayofungukia juu kwa sababu mabomba ya fremu yalipita ubavuni juu mno kwa mlango wa kawaida.

Ukakamavu wa chasi hupimwa kwa nyutoni-mita zinazohitajika kuipinda digrii moja. Magari mengi ya kisasa ya familia yana 20,000 na zaidi. Lotus Elan ya mwaka 1962 ilikuwa na takriban 6,000. Fremu za nyumbani za mtindo wa Seven mara nyingi hucheza kati ya 1,000 na 2,500, na bado huendesheka vizuri kwa kuwa gari lenyewe ni jepesi na springi zake ni laini.

Kipimo hiki hakihitaji maabara. Sehemu ya nyuma ya fremu hufungwa imara kwenye stendi, na ya mbele hukalishwa juu ya egemeo moja katikati. Boriti hufungwa kwa upana pale springi za mbele zitakapokaa, kisha mfuko wa saruji wa kilo 50 hutundikwa mita moja kutoka katikati. Hiyo ni takriban nyutoni-mita 490. Ikiwa nukta mbili zilizo umbali wa mita moja kwenye boriti zimetofautiana kimo kwa milimita 5, fremu imejipinda kama digrii 0.29, na ukakamavu wake ni karibu 1,700. Hapo bomba moja la mshazari hushikizwa kwa nukta chache za moto na kipimo kurudiwa. Bomba lisilobadilisha kitu huondolewa. Wajenzi wachache hufanya zoezi hili, ingawa huchukua asubuhi moja na hutatua mabishano ambayo yangeendelea mwezi mzima.

Njia zinazoshindana

Njia ya kwanza ni kulihifadhi gari la kiwandani na kuliimarisha. Magari mengi ya Kijapani yaliyoko Kenya hayana chasi ya kujitegemea: bodi yenyewe ndiyo chasi, imeshonwa kwa maelfu ya nukta za kuchomelea, na paa, nguzo na kioo cha mbele vyote hubeba mzigo. Toyota Altezza, yenye injini mbele na gurudumu la kuendesha nyuma, ni mfano wa gari ambalo tayari ni la spoti. Likiongezewa rolikeji, yaani kizimba cha mabomba kinachowazunguka abiria, pamoja na kuchomelewa upya mishono ya bodi, hupata ukakamavu ambao fremu ya nyumbani ni vigumu kuufikia. Udhaifu wake ni uzito, na kwamba bodi yenye kutu kwenye vizingiti hudanganya macho: rangi hung'aa huku chuma cha ndani kimekwisha.

Njia ya pili huanzia hapohapo lakini hulikata gari: paa huondolewa, sakafu hufupishwa, au nusu mbili za magari tofauti huunganishwa. Watetezi wake hutaja bei na mwonekano. Viwanda vikitoa gari la wazi kutokana na la paa, huongeza vyuma vizito kwenye vizingiti na chini ya sakafu ili kurudisha kile paa ilichokuwa ikifanya. Karakana inayokata bila kurudisha hutoa gari ambalo milango yake huanza kukwama baada ya miezi michache ya matuta na mashimo, na ambalo likigongwa ubavuni halina cha kumkinga dereva. Vyuma vigumu vya nguzo za magari ya karibuni hulainika vikipata moto wa kuchomelea, na hakuna anayeweza kuuona ulaini huo kwa macho.

Chasi ya ngazi, ya pikapu na magari ya nyikani, ndiyo inayojulikana zaidi na mafundi wa Nairobi. Boriti mbili na mihimili ya kuvuka: rahisi kufupisha, rahisi kuelewa, tena husamehe makosa. Inapokatwa, kiungo huwekwa mshazari na kufunikwa kwa bati la kuimarisha lenye ncha zilizochongoka, kwa sababu kiungo kilichosimama wima hukusanya mzigo wote kwenye mstari mmoja wa moto. Kwa gari la spoti ni chaguo la mwisho. Boriti zake hustahimili kupinda kwa uzito, lakini husokotwa kwa urahisi, na kuzikakamaza kunaongeza kilo ambazo injini ndogo haiwezi kuzibeba kwa heshima.

Uti wa mgongo, ule wa Lotus Elan, ni sanduku refu la bati linalopita katikati ya viti. Hutoa ukakamavu mkubwa kwa chuma kidogo, na karakana za Industrial Area zenye mashine za kukunja bati zinaweza kuutengeneza. Ila haumkingi dereva ubavuni hata kidogo.

Inabaki fremu ya mabomba. Mita 50 za bomba la mraba la milimita 25 lenye ukuta wa milimita 1.5 huwa na uzito wa takriban kilo 55, na hukatwa kwa grinda ya kawaida. Kosa la kipimo hurekebishwa kwa kukata bomba moja, si kwa kutupa bodi nzima. Gharama yake kubwa ni muda, pamoja na nidhamu: fremu hii hufanya kazi tu ikiwa mzigo unaingilia pale mabomba yanapokutana. Mkono wa springi ukichomelewa katikati ya bomba, hata liwe nene, bomba hilo litapinda na pembe za magurudumu zitabadilika kila breki inapokanyagwa.

Mitambo ndiyo huamua umbo la fremu, na hapo soko la Kenya lina sauti. Kiwango cha KS 1515 huzuia kuingiza magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka minane, kwa hiyo Toyota DX na Datsun 1200 za gurudumu la nyuma hupatikana tu miongoni mwa zile zilizokwisha kuwamo nchini, na mmiliki anayejua thamani yake haziuzi kwa bei ya chuma chakavu. Injini za gurudumu la mbele, za Corolla na Probox, ziko tele. Toyota wenyewe walionyesha mwaka 1984, kwa MR2, kwamba mitambo ya Corolla inaweza kuhamishiwa nyuma ya viti ikiwa pamoja na giaboksi yake. Hakuna propela shafti wala difu ya kutafuta, ingawa nyaya ndefu za gia na mabomba ya radieta iliyobaki mbele huleta kazi yake.

Chuma cha dukani na moto wa fundi

Ubora wa fremu huamuliwa na mambo madogo kabla ya bomba la kwanza kukatwa. Bomba linalouzwa kama geji 16 linapaswa kuwa na ukuta wa takriban milimita 1.6, lakini lililo dukani mara nyingi huwa jembamba kuliko jina lake. Kalipa huwekwa kwenye ncha iliyosafishwa, mbali na mshono wa kiwandani, na kupimwa pande zote nne. Bomba la geji 18 lafaa dirisha. Bomba lililopakwa zinki halifai kuchomelewa kabla ya zinki kusagwa, kwani moshi wake humtia fundi homa na uchafu wake huacha matundu ndani ya kiungo.

Je, fundi wa mageti anaweza? Mkono wake mara nyingi ni mzuri. Tatizo ni mazoea ya kazi yake. Geti halitikiswi mara maelfu kwa siku, kwa hiyo kiungo kisichopenya vizuri hakitajulikana kamwe. Katika gari, chuma huchoka: ufa huanza ukingoni mwa mshono, ukubwa wa unywele, hukua polepole, kisha kiungo huachia ghafla. Mazoea ya pili ni kusaga mshono hadi ulingane na bomba ili rangi ipendeze. Kwenye chasi, kusaga huko huondoa chuma kilekile kinachoshikilia. Mazoea ya tatu ni kumaliza kona moja kabla ya kwenda nyingine. Mshono unapopoa hunywea na kuvuta bomba upande wake, kwa hiyo fremu yote hushikizwa kwanza kwa nukta juu ya meza bapa, hupimwa kwa kamba kutoka kona hadi kona, ndipo huchomelewa kwa kuruka pande zinazotazamana.

Mashine ya MIG yenye mchanganyiko wa argoni na kabonidioksidi hurahisisha kazi kwenye kuta nyembamba. Elektrodi ya kawaida ya milimita 2.5 inawezekana kwa mkono wenye uzoefu, lakini hutoboa kwa urahisi. Hata hivyo MIG ina hila yake: kwenye vipande vinene vya kushikilia springi inaweza kulaza mshono mzuri juu ya chuma ambacho hakijayeyuka. Fundi makini huchomelea vipande viwili vya majaribio vya unene uleule, huvibana kwenye jiriwa na kuvipiga nyundo. Bomba likichanika na mshono ukabaki, kazi inaweza kuendelea.

Rolikeji ni habari nyingine. Kanuni za FIA hudai mabomba ya msingi ya milimita 45 yenye ukuta wa 2.5, au milimita 50 yenye ukuta wa 2.0, ya chuma kilichovutwa kikiwa baridi bila mshono. Bomba la maji halikubaliki, hata likiwa zito zaidi.

Mlango wa sheria

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, hulitambua gari kwa nambari ya chasi. Mabadiliko ya injini, rangi au aina ya bodi hutakiwa kuripotiwa na gari kukaguliwa. Kufuta au kuhamisha nambari ya chasi ni kosa. Hapo ndipo logbook inapoishia kusaidia: ikiwa nambari ya Corolla imekatwa na kuchomelewa kwenye fremu mpya, karatasi inaeleza gari ambalo halipo tena. Bima nayo, ambayo Sura ya 405 huilazimisha kwa madhara ya watu wengine, huandikwa kwa maelezo hayohayo, na mabadiliko yaliyofichwa huipa kampuni ya bima sababu ya kujitoa.

Uingereza ilitatua swali hili kwa alama na ukaguzi. Kwa miaka mingi chasi isiyoguswa ilihesabiwa alama tano kati ya nane zilizohitajika ili gari lililobadilishwa libaki na usajili wake, na gari lililoundwa upya lilipitia ukaguzi wa gari mojamoja. Kenya ina kiwango cha bodi za magari ya abiria, KS 372, kilichoandikwa kwa watengenezaji wa mabasi. Mjenzi wa gari la viti viwili anaongozwa na kanuni zilizoandikwa zaidi kwa ajili ya viwanda na waagizaji, na hivyo busara ni kupeleka michoro na maswali kwa NTSA kabla ya kukata chochote, si kupeleka gari lililokamilika kwenye ukaguzi wa Likoni Road.

Mizani

Kwa gari litakalotembea barabarani kila siku, kulihifadhi gari la kiwandani na kuliimarisha kunashinda. Nambari yake ni halali, sehemu zake za kubonyea wakati wa ajali zimebaki, na fedha zinaweza kwenda kwenye breki, shokomzoba na bushi mpya, ambako dereva huhisi tofauti mapema zaidi. Hoja ya uzito haitoshi kuipindua, maana msongamano wa Ngong Road haumpi mtu nafasi ya kufaidi kilo mia mbili pungufu.

Kwa autokrosi na viwanja vilivyofungwa, fremu ya mabomba ndiyo bora, yenye mitambo ya gurudumu la mbele iliyohamishiwa nyuma na rolikeji inayokubaliwa na waandaaji. Anayeijenga afuate michoro iliyokwisha kujaribiwa badala ya kubuni yake, kwa kuwa kubuni chasi na kujifunza kuchomelea kwa wakati mmoja ni kazi mbili ambazo moja ingemtosha.

Chasi ya ngazi ibaki kwa magari ya nyikani. Kukata paa au kuunganisha nusu mbili bila kurudisha chuma kilichoondolewa hakufai barabarani wala uwanjani, na bei yake ya chini haibadilishi hilo.